Nakwenda Farne kubebwa na mkondo

Jumamosi ya wiki ijayo, Mungu akipenda, nakwenda tena visiwa vya Farne, na safari hii nimeamua mapema kabisa kwamba nakwenda kubebwa. Nataka nizame, nikae mita moja au mbili juu ya mwamba, mikono nimeifumbata kifuani, mkondo unichukue pole pole dakika 40 alafu boti inifate inipakie mwisho wa safari. Kwenye kupiga mbizi mie naona hakuna raha inayoizidi hii, huogelei, huchoki, hewa haikuishii haraka, mwamba wenyewe ndo unapita mbele yako kama uko dirishani kwenye basi. Ila raha yenyewe inataka maandalizi, na wengi wanaoniuliza wanadhani ukishafika huko unaruka tu. Kwaiyo leo naandika nnavyoipanga, manake mwaka jana tuliipanga vibaya na sitaki mtu mwingine yamkute.

Kwa wasiojua, Farne iko Bahari ya Kaskazini, kaskazini mashariki mwa Uingereza, jimbo la Northumberland. Kutoka Newcastle ninakoishi ni mwendo wa saa nzima na kidogo kwa gari mpaka bandari ndogo ya Seahouses, hapo ndo boti zinapoondokea. Ni visiwa vidogo vidogo, maji yakijaa vinabaki 15 mpaka 20 hivi, yakikupwa vinatokeza vingine, mawe meusi magumu yaliyotokana na uji wa moto ulioganda chini ya ardhi zamani sana, na ngome ya Bamburgh hapo ng'ambo nayo imekaa juu ya mwamba huo huo. Mtu aliyezoea Pemba kama mie anashtuka mara ya kwanza. Maji ya kijani, sio buluu. Baridi. Na chini yamejaa uhai kupita unavyodhania ukiwa umesimama gatini na koti lako.

Mwaka jana tulikwenda Jumamosi kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Mie na mwenzangu ninayezama naye sote kazini wiki nzima, boti ina nafasi, tukalipa. Hatukuangalia mwezi. Ilikuwa siku 2 baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua lenyewe hasa, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu kuliko siku zote, na mie mtoto wa Wete, Pemba, niliyekulia nyumba ambayo tarehe za mwezi zinatajwa kila asubuhi kabla hata ya chai sikujiuliza. Tukashuka, na tulipofika mita 12 tukaona mwani wote umelala chini kama nyasi zilizopigwa na kimbunga, na sisi tunapita juu yake kasi ya mtu anayetembea haraka. Mwamba sikuuona. Nliona rangi tu zinapita. Kamba ya boya aliyoshika mwenzangu ikajisokota kwenye mwani, yeye akabaki, mie nikaenda, nikimtafuta nyuma kumeshakuwa ukungu wa kijani mtupu. Nikafanya tulivyokubaliana, kutafuta dakika moja alafu kupanda juu taratibu. Yeye aliiachia rili, kile kigurudumu cha kamba ya boya, akapanda pia. Dakika 14 kwa jumla na nlikuwa mbali na nlipotumbukia karibu kilomita nzima, mawimbi mafupi yamesimama, boti naiona mie, yenyewe hainioni. Walinipata, alhamdulillah, ila zile dakika za kusubiri juu pale nazikumbuka bado.

Jioni yake nikampigia ami yangu Pemba. Ami amevua kwa madema na mshipi miaka yote, hajawahi kuvaa mtungi, na hajawahi kuona bahari yenye baridi. Nikamsimulia, shikamoo ami, marahaba mwanangu, hivi na hivi na hivi. Akaniacha nikamaliza. Alafu akauliza swali moja: "Mwezi ulikuwa wa ngapi?"

Nikahesabu. Kumi na sita.

"Sasa wewe mwanangu unakwenda kutia mwili majini mwezi kumi na sita ulitaka nini? Subiri maji yafe."

Basi, mpango wangu wote unaanzia kwenye hiyo sentensi ya ami. Subiri maji yafe. Hii elimu watu wa pwani tunayo na tunaiacha nyumbani tukipanda ndege, tunakuja huku tunasoma majedwali kama kitu kigeni wakati mwezi ni ule ule. Bamvua linakuja siku 1 au 2 baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, yanakuja siku 1 au 2 baada ya mwezi kuwa nusu, Pemba hivo hivo na Northumberland hivo hivo. Hata kimo hakitofautiani sana na kwetu. Kwenye pwani hii ya Northumberland bamvua linapandisha na kushusha maji zaidi ya mita 4, maji mafu ni kama mita 2 tu. Sasa fikiria, muda wa kujaa ni ule ule, masaa 6 na dakika chache, kwaiyo siku ya bamvua maji mara mbili yanatakiwa yapite mlango ule ule kwa muda ule ule, lazima yakimbie mara mbili. Na Farne ni milango mitupu, maji yanayoteremka pwani nzima yanakuta visiwa vimeziba, yanajibana katikati yake. Aliyewahi kupita mlango wa Njao kule Pemba maji yakitoka anajua nnachosema.

Kwaiyo safari hii nliangalia mwezi kwanza ndo nikaangalia kazini. Nusu mwezi inaangukia Alhamisi. Jumamosi maji yamekufa. Nikabadilishana zamu na mtu, nikampigia nahodha, imekwisha.

Saa ya kuingia nayo ina hesabu yake, na hapa wageni wengi wanakosea, wanachukua saa ya maji kujaa kwenye jedwali wanadhani hapo ndo mkondo unasimama. Hapana. Kimo cha maji gatini ni kitu kimoja, mkondo nje kule ni kitu kingine, baina ya visiwa hivi unaweza kusimama masaa kabla au baada ya maji kujaa, na kila mwamba na saa yake. Hiyo muulize nahodha wa pale pale, yeye anaijua kwa macho. Mie nnachomuomba ni hiki: nishushe saa moja na kidogo kabla mkondo haujasimama. Kwa nini kabla? Kwa sababu kila dakika inayopita maji yanapungua nguvu. Likitokea lolote, mtu akipata mkakamao wa mguu, maski ikivuja, tukichelewa, hali inazidi kutulia. Ukiingia baada ya kusimama mkondo unakua na wewe uko ndani yake, kila ukichelewa unaongezeka, na mwisho wa safari ambapo umechoka na una baridi ndo unakuta maji makali zaidi. Watu wawili wanaweza kuzama siku moja mahali pamoja kwa tofauti ya masaa mawili, mmoja akasimulia raha mwengine akasimulia taabu.

Mahali tulipochagua ni upande wa nje wa Longstone, mawe ya mwisho mwisho yenye mnara wa taa mwekundu na mweupe uliojengwa 1826. Mwamba pale unateremka kwa ngazi na kuta, juu mwani, chini zaidi kuta zimejaa vitu, na ukishapita mwisho wa ukuta uko bahari ya wazi. Hilo la mwisho kwangu ni la muhimu sana. Kabla ya kukubali mahali popote pa kubebwa na mkondo naangalia ramani najiuliza, nikipitiliza mkondo unanipeleka wapi? Kama jibu ni kwenye mlango mwembamba baina ya visiwa viwili ambapo maji yanachemka, siendi hata kama ukuta wake ni mzuri vipi. Kama jibu ni maji mapana ambayo boti inaweza kuzunguka bila kuogopa mawe, sawa.

Alafu urefu. Mkondo wa noti moja, kipimo cha mwendo baharini, ni kama nusu mita kwa sekunde. Nahodha anakadiria siku ile tutapata nusu noti, inapungua. Robo mita kwa sekunde mara dakika 40 ni mita 600. Ukuta tunaoutaka una nafasi ya kutosha hiyo. Ingekuwa noti mbili kama mwaka jana tungehitaji karibu kilomita mbili na nusu za mwamba, ambazo hazipo.

(Mnara huo wa Longstone ndo alipokuwa akiishi Grace Darling, binti wa mtunza taa. Tarehe 7 Septemba 1838, miaka 22, alipiga makasia na baba yake kwenda kuwaokoa watu wa meli ya Forfarshire iliyovunjika kwenye mwamba wa Big Harcar, wakaokolewa 9. Watu wanasimulia ushujaa wake na ni haki yake, ila mie kinachonigusa ni njia waliyopita. Hawakukata moja kwa moja. Walizunguka karibu maili moja, wakijificha nyuma ya visiwa upande uliokingwa na upepo. Walikuwa wanajua kila jiwe linazuia nini. Binti yule alikuwa anasoma maji kama ami.)

Boya. Huku huzami na mkondo bila boya, na kila wawili wana lao moja, jekundu au la rangi ya chungwa, kamba kwenye rili, na anayelishika ni mmoja, mwengine anakaa pembeni yake upande wa chini wa mkondo asije akakatiza kwenye kamba. Nahodha anafata boya, akiliona anajua uko hai na uko wapi. Na naomba hili mlisikie vizuri: rili shika mkononi, usiifunge kwenye jaketi lako hata siku moja. Boti ikinasa kamba, au kamba ikinasa mwani kama ilivyotokea kwetu, unatakiwa uweze kuiachia. Aliyefunga kamba kwenye mwili wake anavutwa nayo. Mwenzangu mwaka jana aliweza kuiachia, na ndo maana nampenda kuzama naye. Safari hii tumekubaliana tutakaa juu kidogo ya mwani, sio ndani yake, na kamba tutaishika iwe imenyooka wima, ikianza kulala tunakunja. Kila mmoja atakuwa na boya la akiba mfukoni, filimbi, na tochi.

Tukiona mkondo umekuwa mwingi kuliko tulivyotaka tunateremka karibu na jiwe, manake maji yanayogusa mwamba yanakwenda pole kuliko ya juu, na nyuma ya kila jiwe kubwa kuna kivuli, maji yametulia kabisa, unaweza kujiegesha hapo ukapumua ukatazamana na mwenzako. Usipige mapezi kupambana nao. Utamaliza hewa na hutofika popote.

Hewa tumeihesabu hivi. Mie juu ya maji natumia kama lita 20 kwa dakika, ila kwenye baridi sijidanganyi naweka 25. Wastani wa kina mita 15, presha ni mara 2.5 ya juu ya maji, inakuja lita 62 na nusu kwa dakika, kwa dakika 40 ni lita 2,500. Mtungi wangu ni wa lita 15, kwaiyo ni baa 167 hivi za presha ya mtungi. Nikianza na 230 nabaki na 60 na kitu. Inatosha bila kubana. Tunaanza mita 18, tunapanda kidogo kidogo na mwamba mpaka kama mita 10, alafu tunauacha mwamba tunaelea chini ya boya mita 5 kwa dakika 3, huku bado mkondo unatubeba. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, linakupa dakika 56 kwa mita 18 kabla hujalazimika kusimama njiani ukipanda, kwaiyo tuko mbali na mpaka, na napenda kuwa mbali na mpaka nikiwa na baridi.

Baridi sasa. Mwezi wa tisa ni mzuri kwa sababu bahari imeshapata joto la kiangazi chote, na joto lenyewe ni digrii 13 au 14. Pemba tunazama digrii 27 na fulana. Mwezi wa pili na wa tatu hapa inashuka mpaka 5 au 6, sijawahi na sitamani. Navaa drai suti, ile inayofungwa shingoni na mikononi maji yasiingie kabisa, ndani yake nguo za joto kama za mtoto mchanga anayetolewa usiku, kofia nzito, glavu. Zile nguo zote zinaelea kwaiyo uzito wa madini ya risasi ya kukushusha chini unapanda, Pemba navaa kilo 4 hapa navaa 12. Kama hujawahi kutumia drai suti usiende kujifunzia Farne kwenye mkondo. Jifunze ziwani au bwawani kwanza, manake hewa ikikimbilia miguuni unageuzwa kichwa chini miguu juu, na ni jambo la kuzoea tu, ila ulizoee mahali maji yamesimama. Vidole vinakufa ganzi baada ya nusu saa, ndo maana kila kifungo na kila klipu naijaribu nyumbani nikiwa nimevaa glavu.

Na tunachokwenda kukiona? Jamani. Kuta zimefunikwa vitu vyeupe na vya rangi ya chungwa kama vidole vilivyovimba, wenyewe wanaviita vidole vya maiti, jina baya lakini ni matumbawe laini, mkondo ukipita yanatoa vinywele yanakula, ukuta mzima unakuwa na manyoya. Ndo maana vinapenda penye mkondo, chakula kinaletwa mlangoni. Kuna kiti cha pweza, wale wa umbo la nyota, wa kila aina. Kuna kamba mkubwa mweusi wa buluu mwenye makucha mawili makubwa, sio kama kamba koche wetu asiye na makucha. Kuna pweza mdogo wa rangi ya kutu, mtazame mkono wake, ana mstari mmoja tu wa vinyonyeo, wa kwetu ana miwili. Na ukibahatika, kwenye pango utamkuta samaki wa kijivu uso wa mzee mwenye meno ya kuvunjia kaa, wanamwita samaki mbwa mwitu, kakaa tu anakutazama. Angalia na yavuyavu wale wekundu wenye nyuzi ndefu za kuwasha kiangazi, midomo ndo sehemu pekee iliyo wazi na ndo wanapokupata.

Ila watu wanakwenda Farne kwa ajili ya sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya na mapezi. Kila mwaka wanazaliwa hapo watoto zaidi ya 2,000, msimu wa vuli, kuanzia mwezi wa kumi hivi, kwaiyo sisi tunakwenda kabla hawajaanza kuzaa, madume hayajawa makali. Dume moja linapita kilo 200. Usimkimbize. Usimguse. Usikae baina yake na njia ya kutokea. Nimegundua wanasogea zaidi kwa mtu anayebebwa kuliko anayeogelea, nadhani ni kwa sababu umetulia, hupigi mapezi, hutoi mapovu mengi. Unakuwa unakwenda zako, unahisi kitu kinavuta pezi, unageuka, hakuna mtu. Unageuka tena, uso mzima uko mbele ya maski yako, macho meusi makubwa, masharubu, alafu anajipindua anapotea. Nlipomtumia ami picha akasema ana macho ya mtoto.

Kilichobaki ni upepo. Ukivuma wa magharibi nchi kavu inatukinga, bahari inalala. Wa mashariki au kaskazini mashariki unaleta mawimbi kutoka bahari kuu moja kwa moja, na hata ukiacha kuvuma, mawimbi yanaendelea siku mbili tatu, maji ya chini yanakuwa chai ya maziwa. Kwaiyo kuanzia Jumatano natazama utabiri asubuhi na jioni, naangalia siku zilizotangulia pia. Ijumaa saa 12 jioni nahodha anatuambia ndio au hapana. Akisema hapana tunasubiri nusu mwezi ijayo, wiki mbili hivi mbele, na hilo tumeshakubaliana mie na mwenzangu kabla hatujalipa, hakuna wa kumshawishi mwenzake.

Drai suti iko kwenye kamba ya kuanikia sasaivi, shingo nimeipaka poda. Chupa ya chai ya tangawizi naikosha Ijumaa usiku. Ami kanitumia sauti leo asubuhi, kasema kule Wete wao wameshahesabu mwezi leo ni wa ngapi, nihakikishe na huku.